Maji ya Ngama

Mtoto anayepandishwa chomboni kwa mara ya kwanza, huku kwetu Pemba, hapewi usukani wala hashikishwi demani. Hupewa kata. Huteremshwa ngamani, kule chini penye giza na harufu ya samaki wa juzi, ambako bahari hupenya kidogo kidogo kwenye maungio ya mbao hata kama kalafati ni mpya, na huko huambiwa afue maji. Hufua mpaka mgongo ukafa ganzi. Akidhani amemaliza, akikaa kuvuta pumzi, maji yamesharudi. Hakuna anayemweleza lolote. Siku ya nne au ya tano ndipo nahodha, bila hata kumtazama, humuuliza: "Leo maji mengi kuliko jana, au machache?" Mtoto akiwa na jibu, masomo yameanza.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alianzia hapo, kwenye mashua ya wazee wake Mkoani. Baadaye akapata kazi kwenye meli ya chuma iliyokuwa ikifanya njia ya Unguja na Pemba. Cheo chake kilikuwa oila, yaani mtu wa kupaka mafuta na grisi. Alishangaa kukuta kwamba meli nayo ina ngama. Ni kubwa zaidi, na maji yake yana utando wa dizeli juu, lakini ni ngama ile ile, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ile ile, safari hii kwa pampu. Alikuwa na tabia iliyowachekesha wenzake: akiona maji yameongezeka, alichovya kidole pale pasipo na mafuta, akaonja. "Yakiwa ya chumvi," alikuwa akituambia sisi watoto, "bahari imeingia. Yakiwa matamu, basi ni kitu chetu wenyewe kinavuja."

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuelewa. Injini ya meli hupozwa kwa maji matamu yanayozunguka ndani yake, na maji hayo nayo hupozwa kwa maji ya bahari katika kifaa cha pembeni, kila aina ikipita njia yake bila kuchanganyika na nyingine. Kwa hiyo ladha ya maji ya ngamani hukuambia, kabla hujafungua bolti hata moja, uanze kutafuta upande gani.

Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Alistaafu akiwa oila.

Sikukuu ya Idi iliyopita mpwa wangu alikuja kututembelea kutoka Dar es Salaam. Anasomea shahada ya uhandisi wa meli katika Chuo cha Bahari, chuo kilichoanza mwaka 1978 kikiwa kitengo tu cha kufundishia mabaharia na kufanywa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1991. Alikuwa ametoka melini, meli ya mizigo, baada ya mkataba wake kwisha. Tulikaa barazani, halua ya Wete katikati, na yeye akamtolea mjomba, mzee wetu, kitabu kinene chenye jalada lililochakaa kwa mafuta. Kinaitwa kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Kila ukurasa una kazi iliyoandikwa: kuwasha jenereta na kuliunganisha na jingine, kusafisha vichujio vya mafuta, kubadilisha nozeli, kupokea zamu na kukabidhi zamu. Pembeni ya kila kazi kuna tarehe, saini ya mhandisi aliyesimamia, na mwishoni muhuri wa meli.

Mzee alivaa miwani akafunua taratibu, mpaka akafika ukurasa uliomsimamisha. Ulihusu ngama: kukagua visima vyake, kujaribu pampu, kuandika kiasi cha maji.

"Hii ngama nayo ina saini?"

"Ina saini, babu. Bila saini haihesabiki."

Mzee akauangalia ukurasa ule kwa muda. Kisha akafunga kitabu, akamrudishia, akaomba kahawa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza juu ya saini ile. Si kwa huzuni tu, ingawa huzuni ilikuwepo. Ninawaza kwa sababu nadhani sisi watu wa visiwani tumezoea kuyagawa mambo haya vibaya: huku kuna msomi, kule kuna fundi, huyu ana vyeti, yule ana mikono. Tukimwona fundi hodari tunasema "angesoma huyu," na tukimwona mhitimu asiyejua kushika spana tunacheka. Bahari haikubali mgawo huo. Zipo fani ambamo sheria yenyewe inakataa kumpa mtu cheti kwa darasa peke yake, na uhandisi wa meli ni mojawapo.

Sheria hiyo ni mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, uliopitishwa mwaka 1978, ukafumuliwa mwaka 1995 na kurekebishwa tena Manila mwaka 2010. Mtu anayetaka kuwa ofisa wa zamu katika chumba cha injini, kwenye meli yenye injini ya kilowati 750 au zaidi, ana milango miwili. Akipitia programu ya mafunzo iliyoidhinishwa, anatakiwa awe na miezi isiyopungua 12 ya karakana na bahari, yote imeandikwa katika kitabu kama kile cha mpwa wangu. Asipopitia programu hiyo, miezi inakuwa 36, na 30 kati yake lazima iwe ya baharini, ndani ya idara ya injini. Kwa mlango wowote, miezi 6 lazima awe ameshika zamu chini ya macho ya mhandisi mwenye cheti. Na kwa mlango wowote, lazima asome na afaulu; hakuna anayesamehewa darasa kwa sababu ya mvi zake.

Nimeitazama hesabu hiyo mara nyingi. Miezi 36 kutoa 12 ni 24. Ina maana kwamba wajumbe wa nchi za dunia, walipokaa mezani, waliona programu nzuri ya mafunzo inaweza kumwokolea mtu miaka miwili ya kufua maji bila kuelezwa. Lakini ile miezi 6 ya zamu hawakuishusha kwa yeyote. Hakuna kitabu kinachoweza kuwa badala ya saa kumi za alfajiri, injini inanguruma, joto kama la tanuri ya mkate, na wewe ndiye uliye macho.

Mjomba alikuwa na miezi zaidi ya 360. Haikuandikwa.

Si kwamba Pemba haijui uanagenzi. Wavuvi wa Kojani huenda hawajawahi kulitumia neno hilo, lakini kijana anayekwenda dago na wazee wake, miezi kwa miezi akifuata samaki pwani ngeni, ni mwanagenzi kamili: analishwa, anafundishwa, anapewa fungu dogo kuliko la mkubwa, na siku moja anaachiwa usukani. Waunda majahazi walifundishana hivyo hivyo, mkono kwa mkono, bila ramani ya karatasi. Kilichokosekana ni ukurasa. Elimu yetu ilikaa katika miili ya watu, na mtu akifa, au akihamia Muscat kwa jamaa zake, huondoka nayo.

Mashine zilipokuja, zilikuja kutoka nje na karatasi zake. Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja ikaiacha ya Pemba, na kuanzia hapo kisiwa chetu kikawa ndicho shamba la karafuu. Karafuu zinataka meli, na zama zile za Sultan Barghash meli ilikuwa ya moshi. Tangu siku hizo Mpemba ameiangalia injini kwa karibu sana, lakini akiwa upande wa koleo na kopo la grisi.

Kuna jambo moja dogo ambalo sijawahi kusikia likisemwa. Kabla ya mwaka 2010 umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli pale Wesha. Ulikuwa umeme wa mashaka, kila mtu anakumbuka mishumaa. Mwaka ule tukavutiwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, na tukashangilia kama ilivyostahiki. Lakini injini kubwa ya dizeli ya kituo cha umeme na injini ya meli ni mtu na ndugu yake: pistoni zile zile, nozeli zile zile, mafuta yanayotaka kuchujwa, maji yanayotaka kupozwa. Waya ulipofika, majenereta yakapumzishwa, na pamoja nayo ikapumzika karakana ambayo kijana wa Chake Chake angeweza kuisikiliza dizeli nzito bila kuvuka bahari. Leo, ukiacha boila za kiwanda cha makonyo ya karafuu pale Wawi, sijui wapi kisiwani utamwonyesha mwanafunzi mashine inayokwenda usiku na mchana. Silalamikii umeme. Nasema tu kwamba hatukuwaza, siku ile tunashangilia, kwamba tulikuwa tunafunga skuli.

Mpwa wangu alilijua hilo kwa njia yake. Alipomaliza masomo ya mwanzo, kabla ya meli ile ya mizigo, alitakiwa atafute meli ya kumchukua kama kadeti, na hapo ndipo mlango ulipokuwa mzito. Darasani kuna viti, melini kuna vitanda, na vitanda ni vichache kuliko viti. Ofisi moja ilimwambia aje wiki ijayo. Akaenda wiki ijayo kwa miezi minne. Nyingine ilimtaka atoe fedha ndipo apandishwe kufanya kazi, nikamkataza. Akarudi nyumbani kungoja, na katika kungoja akawa anatengeneza mashine za boti za wavuvi. Alikuwa hodari. Kutoka Kisiwa Panza mpaka Wesha walimwita.

Miezi ile haikuingia kitabuni. Mashine ya boti ya nguvu za farasi 40 ni kama kilowati 30. Ili ufikie kizingiti cha 750 ungehitaji kuzifunga 25 kwenye ubao mmoja. Alipoifanya hesabu hiyo alicheka mpaka akatokwa na machozi, na mimi sikuwa na hakika kama yote yalikuwa ya kicheko.

Wenzetu wa mbali walishawahi kukwama hapa hapa. Sunderland, mji wa kaskazini ya Uingereza uliokuwa ukiishi kwa kuunda meli, ulianza mwaka 1903 utaratibu wa kuwapeleka wanagenzi wa uhandisi chuoni kwa sehemu ya mwaka na kuwarudisha kiwandani kwa sehemu iliyobaki, kwa makubaliano na wenye viwanda. Mwaka 2015 nchi hiyo hiyo ikaanzisha shahada ya uanagenzi kamili: kijana anaajiriwa kwanza, analipwa mshahara, anasoma mpaka anapata shahada, na ada hailipi yeye. Ukiangalia, tofauti na sisi iko kwenye mpangilio wa mambo. Kule mwajiri yuko mwanzo wa safari. Kwetu kijana analipa ada, anasoma, kisha anatoka na bahasha kwenda kumtafuta mwajiri, kama mtu aliyenunua tiketi ndipo akaanza kuuliza kama kuna meli.

Lakini nisije nikamsifu fundi mpaka nikamdhulumu msomi. Jioni ile ya Idi, kahawa ilipokwisha, mzee alimjaribu kijana. Alimuuliza: injini inatoa moshi mweusi, utafanya nini? Kijana akajibu kwamba mafuta hayaungui yote, hewa haitoshi au nozeli inamwaga badala ya kupuliza. Aanze na vichujio vya hewa, kisha nozeli. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akamuuliza: utajuaje bering imeanza kufa? Yeye mwenyewe alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mashine na mpini sikioni, akisikiliza kama daktari. Kijana akasema wanasikiliza bado, ila pia kila zamu wanaandika joto la kila sehemu, na akionyeshwa daftari la mwezi mzima anaweza kuona nambari zinapanda kidogo kidogo, digrii moja leo, moja kesho kutwa, kabla sikio halijasikia kitu.

Mzee alinyamaza. Kisha akanigeukia mimi, si yeye. "Mimi nilikuwa nikisikia inapokufa," akasema. "Huyu anaisoma kabla haijaugua."

Hiyo ndiyo faida ya kitabu ninayoweza kuieleza kwa urahisi. Ipo nyingine, na hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuja Pemba. Ilikuwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi chake kwa mbali sana. Hakuna mtaa wa Pemba ambao haukuweka matanga. Miezi kumi baadaye, Julai 18, 2012, ikazama meli ya Skagit karibu na Chumbe. Tume ziliundwa, mambo mengi yakasemwa, na mimi si hakimu wa yeyote. Ninachojua ni kile anachokijua kila aliyewahi kufanya kazi chini ya sitaha: meli ikizidiwa, kule chini panajua. Pampu ya ngama inawashwa mara nyingi zaidi. Maji yanarudi upesi zaidi. Lile swali la nahodha kwa mtoto, maji mengi au machache, linajijibu lenyewe.

Mjomba aliwahi kulijibu. Ilikuwa kwenye meli nyingine, miaka mingi kabla, na jina lake sitalitaja. Maji ya ngamani yalikuwa ya chumvi na yalikuwa yanaongezeka huku meli ingali gatini, pampu moja haivuti. Alipanda juu akasema kwamba meli isiondoke. Alijibiwa kwa maneno ambayo aliyarudia kwetu neno kwa neno, kila mara kwa sauti ile ile tulivu: "Wewe ni mpaka grisi."

Wakaondoka. Wakafika Mkoani salama, abiria wakashuka na vikapu vyao. Na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba walifika salama, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba alikuwa na haki.

Kwa muda mrefu nilidhani kisa kile kinahusu kiburi cha wakubwa. Sasa naona kinahusu cheti. Mjomba alikuwa na ujuzi wote uliohitajika siku ile. Alichokosa ni haki ya kukataa. Mhandisi mkuu wa meli mwenye cheti akiandika katika daftari kwamba pampu ya ngama haifanyi kazi, neno lake lina uzito mbele ya nahodha, mbele ya mwenye meli, mbele ya mkaguzi, na baadaye mbele ya mahakama. Oila akisema maneno yale yale, ni maneno ya oila. Cheti hakimfanyi mtu aonje chumvi vizuri zaidi. Kinamfanya asikilizwe anaposema kuna chumvi.

Ndiyo maana sipendi tunapowaeleza vijana shahada inayoongoza kwenye cheti hicho kama njia ya kutoka kwenye kazi ya mikono, kupata ofisi yenye kiyoyozi. Ninayoitaka mimi ni ya mtu aliyefua maji, akajua yanavyoingia, kisha akapata karatasi inayomruhusu kuisimamisha meli. Na ndiyo maana pia ninaamini njia ya kuipata huku ukifanya kazi ni bora kuliko nyingine zote, si kwa sababu ni nafuu kwa mfuko, bali kwa sababu mtu aliyepewa haki ya kukataa bila kupita ngamani hatajua lini aitumie.

Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Bara wana ya kwao, TASAC. Wote wawili wanakagua maboya, majaketi, vyeti na idadi ya abiria, na tunawashukuru. Ningependa siku moja mkaguzi anayepanda meli pale Mkoani aulize na jambo hili: kadeti wako yuko wapi? Kitanda kimoja kwa kila meli inayofanya njia yetu, sahani moja ya wali, na mhandisi mmoja aliye tayari kutia saini kwa haki. Karakana za mafunzo ya amali, kama ile ya Vitongoji, nazo zikipewa injini moja kubwa ya dizeli na idhini ya kuhesabiwa, sehemu ya ile miezi 12 ingeweza kupatikana bila kijana kuondoka kisiwani.

Mzee hajasema lolote zaidi kuhusu kitabu kile. Ila asubuhi mpwa wangu alipokuwa anafunga begi, nilimkuta mzee amekaa naye, akimsimulia mashine moja baada ya nyingine, kila aliyoijua, na kijana anaandika nyuma ya daftari lake la chuo. Hakutakuwa na muhuri kwenye kurasa hizo.

Kitabu chenye mihuri kina miezi 7. Imebaki mitano. Mwenye meli anayesoma haya, kijana anangoja.